Senetwet ya Bondeni

Asubuhi baada ya mama mkwe wangu, Kogo Tapsubei, kutuacha, kabla hata maji ya chai hayajachemka, wanawake walikuwa wamesimama nje ya mlango wangu wa jikoni, kila mmoja na panga lake. Mtu asiyetujua angeweza kukimbia. Walisema chamgei, nikaitikia. Wakaniuliza nimeamkaje, nikasema nimeamka tu, ndipo mkubwa wao akasema kwamba wanaomba kushuka bondeni kukata senetwet, maana wageni wa msiba wataanza kufika na vibuyu viko vitupu. Njia waliijua. Wameipita miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya watoto wangu, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa kichaka kilipo. Lakini walisimama wakangoja niseme neno. Siku zote neno hilo hunitoka bila kufikiri, ni kama kumkaribisha mtu kiti. Asubuhi ile lilikataa. Nikawaambia waingie wanywe chai kwanza, nikageukia jiko ili moshi upate lawama ya macho yangu, na hapo mwaka wangu wa kwanza katika boma hili ukanirudia wote.

Nilivyompata Kiplagat, na waliyoyasema watu wa kwetu upande wa Kimilili, sitayasimulia. Wengi waliosema wamelala makaburini, na mume nimekaa naye. Inatosha kujua kwamba alinileta hapa katikati ya mvua, miaka michache baada ya bendera kupandishwa, akakaa nami wiki moja, kisha akarudi kazini Nakuru na kuniacha na mama yake. Shamba lilikuwa la mzungu aliyekwisha kwenda. Watu waliokuwa vibarua wake walikuwa wamejiunga kikundi wakalinunua, na kwa kuwa mpimaji ardhi alikuwa bado hajaja kuligawa, kila jamii ilijibanza ilipopata. Shemeji yangu Kimeli na mke wake Rael walikuwa na nyumba yao ya udongo. Mimi na mama mkwe tulilala katika nyumba ya maziwa, chumba kirefu chenye sakafu ya simenti na madirisha ya wavu, ambamo mzungu alikuwa akipozea krimu yake kabla ya kuipeleka mjini. Eldoret wakati huo wazee bado waliiita Sisibo. Mashine ilikuwa imeng'olewa, yakabaki matundu manne sakafuni yaliyojaa maji kila tulipodeki. Hata sasa nikifumba macho naweza kukiona chumba kile: mwanga wa asubuhi uliochujwa na wavu, ubaridi wa simenti ukipanda miguuni, na juu ukutani, kwenye ndoano zilizokuwa za mitungi ya mzungu, vibuyu vya Mama vikining'inia kwa kamba zao za ngozi.

Vibuyu hivyo sikuruhusiwa kuvigusa. Siku ya pili tu nilinyoosha mkono nikiteremshe kimoja, kwa nia njema kabisa, nikioshe. Mama alikuwa amefanya kazi ya kukamua kwa yule mzungu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kifupi, kisicho na mapambo. "Wewe hapana shika hiyo," akasema. Hakupaza sauti. Alikiondoa kibuyu mkononi mwangu, akakirudisha ndoanoni, akanipa ufagio. Nilifagia chumba chote nikiwa na hasira, maana kwetu msichana hufundishwa kuosha vyombo kabla hajafundishwa kusema, na hapa nilikuwa nimezuiliwa kuosha chombo kana kwamba mikono yangu ina ugonjwa. Sikujua bado kwamba kibuyu cha maziwa hakioshwi na yeyote apitaye. Kina mwenyewe. Mwanamke hupewa chake, akakitunza kwa mkono wake, na maziwa yake yakawa na ladha yake, hata mnywaji aliyezoea anaweza kunywa akasema haya ni ya nyumba fulani. Rael alikuwa na viwili. Mimi sikuwa nacho, na kwa hiyo, chai na ugali wa nyumba ile nilipika, kuni nilikusanya, lakini maziwa nilipewa kwa kikombe, kama mgeni.

Harufu ndiyo iliyonisumbua kwanza. Kila baada ya siku kadhaa Mama alishuka bondeni, kule ambako kijito kinatuama na kuwa tindiga kabla ya kuendelea kuelekea mto Sosiani, na alirudi na fito za senetwet begani. Ni kichaka kinachopita kimo cha mtu, kinachopenda kusimama miguu majini, chenye maua ya njano yaliyopanda wima na vichwa vyeusi juu yake. Ukilisugua jani lake, linanuka kama karanga zilizosahauliwa jikoni. Nilikifahamu. Kwetu tunakiita lubinu, na kwetu ni dawa, tena dawa ya adhabu. Mama yangu alitusugulia majani yake tulipotokwa na mashilingi, yale mapunye ya duara, kichwani, na tulipoumwa homa alichemsha mizizi yake tukainywa huku tumeshikwa pua. Kipimo kikizidi, alituambia, tumbo halitashika kitu tena. Kwa hiyo harufu ile kwangu ilikuwa ni ugonjwa, kilio na kubanwa magotini mwa mtu mzima. Na hapa nilikuwa nimeolewa katika nyumba ambako watu waliiweka katika maziwa.

Lakini nikamtazama akifanya. Sikuwa na jingine la kutazama. Fito alizikausha juu ya meko hadi zikawa zinalia zinapovunjwa. Kisha alikaa mlangoni, penye mwanga, kibuyu kati ya magoti, akachukua kijiti kilichoshika moto vizuri, kisicho na ulimi wala moshi mwingi, akakitumbukiza ndani. Palitoka mlio mdogo. Kwa fimbo nyembamba yenye manyoya nchani alikisaga kile kijinga cha moto ndani ya kibuyu, akizungusha polepole, akisikiliza, kisha kingine, hadi tumbo lote la kibuyu likawa limepakwa mkaa laini. Alikikung'uta, akanusa, akakung'uta tena. Ndipo akamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akafunika, akakitundika. Baada ya siku kadhaa yalimiminika mazito, ya kijivu, yenye chembe za mkaa kama vumbi la nyota, na ile harufu niliyoichukia ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine, kitu cha moshi na utamu wa mbali. Hiyo ndiyo mursik. Mara ya kwanza nilikunywa kwa adabu. Siku moja ya baridi ya Julai, mvua ya mawe ikipiga mabati, nilimaliza kikombe nikakuta ninakilamba. Mama aliona akageuka upande. Nilijua anacheka.

Nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule, na nilikitaka kwa uchungu ambao leo hunishangaza: kibuyu changu mwenyewe. Katika pembe ya paa la nyumba ya Kimeli palikuwa na kibuyu kipya, chenye shingo ndefu, kilichotokana na mtambaa alioupanda Mama mwenyewe, kinakaushwa. Kila nilipopita nilikiangalia. Rael aliona macho yangu. Hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake ulikuwa hauna mlango, na alikuwa hajasahau kwamba Kiplagat angeweza kuoa binti wa shangazi wa rafiki yake. Aliniambia kibuyu kile ni cha binti wa Mama aliyeolewa Kapsabet. Nilimwamini. Usiku huo, nikiwa nimejifunika blanketi hadi puani, nilivihesabu vibuyu vya ukutani kama mtu anavyohesabu kondoo wa jirani.

Siku zilikuwa ndefu na za ukungu. Tulizungumza kidogo, mimi na Mama, kwa Kiswahili chake cha mzungu na changu cha shule ya misheni, na lugha yake nikaiokota chembe kwa chembe: maji, njoo, baridi, ng'ombe, kaa chini. Mchana kulipokuwa na jua tulianika mahindi kwenye ngazi za nyumba kubwa ya mzungu, iliyokuwa imefungwa, tukachungulia ndani kwa dirisha. Kuta zilikuwa na alama nyeupe za mraba mahali picha zilipokuwa. Mama alinionyesha kwa kidole kila chumba: hapa alilala, hapa alikula, hapa bibi yake alilia siku ile ya kuondoka. Ng'ombe alisema walikuwa wazuri. Senetwet mzungu aliidhani ni magugu, akaamuru ikatwe kila mwaka, nao vibarua wakaikata kila mwaka kwa furaha, wakaipeleka nyumbani kwao. Ikachipuka. Ndiyo tabia yake, ukiikata inaona umeiamkia.

Mpimaji alikuja msimu wa mavuno. Alikuwa kijana wa kaptula aliyepiga vigingi huku vijana wengine wakivuta mnyororo kwenye majani, na shamba ambalo lilikuwa kitu kimoja, kama blanketi, likawa vipande vyenye nambari. Kipande cha jamii yetu kilianzia barabarani, kikashuka penye ardhi nyekundu nzuri ya mahindi, kikaishia chini kwenye tindiga. Kilikuwa kigawanywe kati ya Kimeli na Kiplagat. Aliyeita kikao ni Mzee Koros, ndugu ya marehemu baba mkwe, mtu mrefu wa koti la mvua ambaye watu walimsikiliza hata akiwa anakohoa. Wanaume walikaa nje ya nyumba ya maziwa, kwenye ukuta wenye jua. Mimi nilikuwa ndani nikipukuchua mahindi chini ya dirisha la wavu, na wavu hauzuii maneno.

Wakati huo nilikuwa nimeshaokota lugha ya kutosha kuumizwa nayo. Mzee Koros alisema Kiplagat hayupo, na kwamba mtu asiyekuwepo anaweza kungoja. Alisema pia, bila chuki, kama mtu anayepanga mifuko ghalani, kwamba mwanamke wa upande ule siku moja atafunga mzigo na kwenda kwao, na ardhi itajikuta mikononi mwa wajomba wa watoto wake. Afadhali yote iandikwe kwa Kimeli, Kiplagat akirudi ataonyeshwa mahali pa kujenga. Kimeli alinyamaza. Sijamlaumu kwa hilo, lakini nilimsikia akinyamaza. Mikono yangu iliendelea kupukuchua. Nilijiambia kwamba sasa Mama atasema kitu.

Mama alitoka na kibuyu, akawamiminia, akangoja wanywe. Kisha akasema Kimeli apewe juu, yote, hadi kwenye mteremko, penye mahindi. Kiplagat na mke wake wapewe chini, penye maji.

Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Mzee Koros hakucheka. Aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, tindiga lote, na Mama akasema lote, na liandikwe leo. Mzee akasema basi, hana neno, kwa maana nani atagombania vyura. Kikao kikaisha kwa amani kubwa. Kule ndani, gunzi lilikuwa limenikwaruza kidole hadi damu, na sikuwa nimejua. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile miezi na miezi, nimemtekea maji yule mama, nimemkanda mgongo wakati wa baridi, na alipopata nafasi ya kunipima mbele ya watu, alinipima kwa matope.

Nililia usiku kucha, lakini kwa ustaarabu, nikilia ndani ya mto wa kulalia. Alfajiri nikatoa sanduku langu la bati, nikapanga leso, gauni la kanisani na sufuria niliyopewa na mama yangu. Nilikuwa nimeamua kutembea hadi barabarani, nipate lori la mahindi la kunifikisha Turbo, na kutoka Turbo kwetu si mbali. Kiplagat angenikuta huko kama ananitaka. Nilikuwa nimefunga kamba ya sanduku nilipomwona Mama amesimama mlangoni, panga mkononi. Aliliangalia sanduku. Akasema, "Weka chini. Kuja."

Tukashuka. Ukungu ulikuwa umelala bondeni kiasi kwamba kichaka kilionekana maua tu, yale ya njano, yakielea. Miguu yetu ililowa hadi magotini. Alisimama mahali maji yanapoanza, akageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alitafuta maneno, akayapanga, kama mtu anayejua kwamba hatapata nafasi ya kurudia.

"Wewe nafikiri mimi natupa wewe kwa maji," akasema.

Nikasema ndiyo. Sikuwa na haja ya adabu tena.

"Angalia huko juu. Sasa kila mtu iko na shamba yake. Mwanaume akipata shamba, analima mpaka kwa mlango. Senetwet yote ya huko itaisha. Mwaka moja, mbili, imeisha. Hapa jembe hapana ingia." Akagonga shina kwa ubapa wa panga. "Ukipewa juu, utakuwa na mahindi. Kila mtu iko na mahindi. Nani atakuja kwako? Hapa watakuja. Rael atakuja. Bibi ya Koros atakuja. Hapana mwanamke anaweka maziwa bila hii. Atasimama kwa mlango yako, atasema chamgei. Na wewe utaitika."

Nilisimama pale maji yakiingia viatuni. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia, lakini hatukuwa watu wa kukumbatiana, na kusema kweli bado nilikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyelia bure usiku kucha. Nikamuuliza tu kwa nini hakusema hivyo kikaoni. Akanitazama kama alivyonitazama siku ya kibuyu.

"Nikisema, Koros angechukua hii," akasema.

Tukapanda. Nilidhani amekwenda kukata na amebadili nia, kwa maana alirudi mikono mitupu. Nililirudisha sanduku chini ya kitanda, nikawasha moto, nikaanza kukoroga uji. Niliposikia hodi nilishtuka, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyewahi kubisha hodi, mlango ulikuwa wetu sote. Alikuwa yeye. Alikuwa amezunguka nyumba yote na kuja upande wa nje, amejifunga leso ya kutokea, panga ameliinamisha ubavuni. Alisimama nje ya kizingiti asikikanyage.

"Chamgei," akasema.

"Chamgei," nikasema.

"Mama, mimi naomba kukata senetwet."

Aliniita Mama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na masizi usoni. Nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu mwingine. Hakuwepo. Alingoja, na nikaelewa kwamba angesimama pale hadi jua litue kama nisingesema, kwa hiyo nikasema akate. Akashuka. Aliporudi aliweka fito chini karibu na meko yangu, akatoka tena, na mara hii akaja na kile kibuyu chenye shingo ndefu kutoka kwenye paa la Kimeli. Rael alikuwa mlangoni mwake anaangalia, na kwa mara moja maishani hakuwa na la kusema. Mama akakiweka kati ya magoti yangu. Akasema fito zikauke kwanza, nisiwe na haraka, maziwa hayapendi mtu wa haraka.

Alikuwa sahihi katika yote, jambo ambalo lilinikera miaka mingi. Huko juu walilima hadi mlangoni. Rael alijikaza mwaka mzima, akatembea hadi kingo za Sosiani kutafuta yake, kisha siku moja akaja akasimama, akasema chamgei bila kunitazama, na nikamwitikia, na jioni hiyo tulikula pamoja. Mke wa Koros alikuja. Binti zake walikuja. Kumekuwa na miaka katika nchi hii ambapo jina la ukoo wa mtu lilitosha kuwa kesi, na niliketi jikoni miaka hiyo nikisikiliza barabara. Lakini hata wakati huo, asubuhi, mlangoni pangu palisemwa chamgei. Sasa mwanangu anayekaa Kimumu ananiambia mji unatufikia, tujaze tindiga udongo wa murram tujenge nyumba za kupangisha. Namwambia asubiri nife, nami sina haraka ya kufa.

Na yeye, Kogo, hadi miguu ilipomkataa, hakukata hata kijiti kimoja bila kuja kuomba. Nilimwambia mara nyingi aache mchezo, bonde ni lake. Alizunguka nyumba, akaja upande wa nje, akasimama nyuma ya kizingiti, akangoja. Wajukuu walicheka. Mwisho alikuwa haoni vizuri, na mtoto alimshika mkono akimleta, lakini alijua mlango wangu ulipo.

Wanawake walikuwa wamemaliza chai. Vikombe vilikuwa mezani, na walinitazama bila kuniharakisha. Nikasema, "Kateni." Kisha nikachukua panga langu nyuma ya mlango, nikazunguka nyumba hadi upande wa nje, nikasimama kidogo nje ya kizingiti changu mwenyewe, kama alivyosimama yeye, nikasema chamgei, nikatangulia kushuka.